Bima Hailipi Kutu: Sola na Betri Katika Nyumba za Pwani ya Unguja

Assalaam alaykum wazee wetu na ndugu zangu. Nanyi mafundi mliokaa nyuma, sogeeni mbele, maana mengi ya leo yanakuhusuni.

Aliyekuwepo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme wa bara ulipokatika na kisiwa kikakaa gizani, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanaweka sola. Leo nyumba ya wageni ya Paje au Jambiani ina paneli juu ya paa, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) ukutani na betri za lithiamu stoo. Ni mali ya mamilioni, na mwenyewe anaamini bima ya nyumba imeshaikinga. Mara nyingi haikutajwa kabisa katika hati, au imetajwa kwa thamani pungufu.

Bima hulipa jambo la ghafla: moto, radi, upepo mkali, wizi wa kuvunja. Uchakavu hailipi, na kutu ni uchakavu. Sasa pwani ya mashariki adui wa kwanza wa sola ni chumvi, nayo hula polepole. Upepo wa kusi unang'oa paneli mbili usiku, mkaguzi wa bima anapanda juu asubuhi, anakuta boliti zimeliwa tangu zamani. Wewe unasema upepo, yeye anaandika kukosa matunzo. Dai limekwama hapo.

Kwa hiyo tizameni boliti kabla ya kutizama hati. Fremu ya paneli ni alumini. Ukiifunga kwa boliti ya chuma iliyopakwa zinki, kwenye hewa ya chumvi zinki huisha kwanza, kisha chuma huota kutu na kulegea. Nunua chuma kisichoshika kutu chenye alama A4 kichwani. Iliyoandikwa A2 inafaa mbali na bahari. Ufukweni huanza kutoboka vitundu vidogo vidogo. Kaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha kiwanda, na urudie kupima kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Paneli za pembeni mwa paa ndizo upepo huzinyanyua kwa nguvu zaidi, basi acha nafasi baina yao na ukingo, usizifikishe mwisho wa bati. Wapo wanaosema Unguja haina tufani. Aprili 1872 ilikuja moja ikaangusha mikarafuu mingi ya kisiwa hiki.

Viungio vya waya wa paneli navyo vina hatari kubwa. Dume la kiwanda hiki na jike la kiwanda kile huingiana, hata hubana, lakini vyuma vya ndani havigusani sawasawa. Pale penye mguso mbovu pana joto, chumvi ikiingia joto linazidi, mwisho cheche. Umeme wa paneli ni wa mkondo mnyoofu, huenda upande mmoja bila kushuka hadi sifuri, tofauti na ule wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, unaopita sifuri mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo cheche yake haijizimi madhali jua linawaka. Chini yake pakiwa na makuti, nyumba imekwenda. Tumieni viungio vya kiwanda kimoja, vibanwe kwa koleo lake maalumu, visilale juu ya paa. Betri na inveta ziwekwe chumba cha mawe chenye hewa, kamwe si chini ya makuti. Paa la makuti lenyewe huongeza ada ya bima. Ukilificha wakati wa kujaza fomu, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliopotea ardhini. Ardhi ya huku ni jiwe la matumbawe, na fimbo moja ya chuma iliyopigiliwa chini haitoshi. Pima ukinzani wake, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita; lengo ni chini ya omu 10. Ikizidi, ongeza fimbo nyingine kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, kisha ziunganishe. Pima wakati wa kaskazi ardhi ikiwa kavu, kwa sababu kipimo cha masika hudanganya. Na weka vizuia mshtuko, vifaa vinavyokinga mtambo umeme unapopanda ghafla, pande zote mbili za inveta, upande wa paneli na upande wa ZECO. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza inveta, bima ya moto huenda isihusike. Hiyo inataka nyongeza ya kuharibika kwa mitambo, na lazima uiombe kwa jina.

Tuje kwenye hesabu, maana wengi huumia hapa. Mtambo wako thamani yake ni milioni 20, wewe ukaukatia bima ya milioni 12 ili ada ipungue. Hasara ikiwa milioni 5, hulipwi 5. Umekinga sehemu tatu katika tano, basi unalipwa milioni 3, na humo hutolewa kile kiasi ulichokubali kujibebea mwenyewe. Kikiwa laki 5, unapata milioni 2 na nusu. Andikeni bei ya kununua upya leo, pamoja na usafiri, ushuru na ujira wa fundi. Anayekwepa bima kwa sababu za dini aulizie takafuli, bima ya kuchangiana inayofuata sharia ya Kiislamu, lakini ajue matunzo yatatakiwa vile vile.

Na wageni wakikimbia kwa sababu ZECO imekatika, bima ya kukosa mapato kwa kawaida hailipi. Huanza kufanya kazi pale mali yako mwenyewe iliyokatiwa bima inapoharibika.

Siku ya ajali, zima mtambo, lakini ujue paneli zinaendelea kutoa umeme mchana, basi usiguse waya uliochubuka. Piga picha kabla ya kusogeza kitu. Toa taarifa siku hiyo hiyo, na kwa wizi uende polisi kwanza. Usitupe inveta iliyoungua wala usimpe fundi aifungue. Mkaguzi anataka kuiona ilivyo. Mkabidhi risiti, namba za paneli moja moja, cheti cha fundi aliyefunga, na daftari la ukaguzi wa kila mwaka lenye tarehe na picha za zile boliti.