Kufunga Utafiti Nako Kuna Bei Yake

Wengine humu mmeshanisikia nikimtaja Clifford Cocks, mwanahisabati wa Uingereza, mpaka mmechoka, nisameheni, leo namtaja tena. Maana kila nikikaa na watu wa usalama swali ni lilelile, huu utafiti ukitoka wazi utatudhuru vipi? Sawa, swali zuri. Ila kwenye fomu zao la pili halimo: tukiufunga tunapoteza nini, na hasara hiyo anaihesabu nani?

Basi 1973 Cocks bado kijana, ndo kwanza kaajiriwa GCHQ, wale majasusi wa mawasiliano wa Uingereza. Mwenzake James Ellis alishasema toka 1970 kwamba watu wanaweza kuandikiana kwa siri bila kupeana ufunguo kwanza, ila njia yenyewe hakuipata. Cocks kaelezwa, kaenda zake nyumbani, jioni moja tu kapata jibu, kwa namba tasa! Na hakuandika hata mstari, kazi ya ofisini ilikuwa marufuku kuiandika nyumbani, akalala nayo kichwani. Baadaye ikaandikwa, ikapigwa muhuri wa siri, kabatini. Halafu 1977 jamaa watatu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, wanaifikia njia ileile kivyao, wanaitangaza, dunia inaipima, inajaribu kuivunja, inajenga juu yake malipo ya mtandaoni. Cocks kimya hadi 1997 siri ilipofunguliwa. Miaka 24! Sasa niambieni, adui alizuiwa nini hapo? Siri ilitunzwa vizuri kabisa, ila aliyefungiwa nje ni mwenye nayo.

Kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa, najua, bomu la nyuklia je? Nakubali bwana. 1940 wanafizikia wa Marekani waliacha wenyewe kuchapisha habari za kupasua urani, na mimi ningewaunga mkono. Lakini 1942 Georgy Flyorov, Msovieti aliyekuwa jeshini, anapekua majarida anaona wale wakubwa wote hawaandiki tena. Akajiuliza, hawa wameacha kazi au wameitwa kazini? Akamwandikia Stalin. Yaani walichokificha kilisomeka kwa kutokuwepo.

Sisemi mwaga kila kitu. Vile virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilivyobadilishwa maabara vikaambukiza wanyama kwa njia ya hewa, 2011 bodi ya ushauri Marekani ilisema baadhi ya maelezo yafichwe, Machi 2012 ikabadili msimamo, makala zikatoka. Angalau walibishana hadharani na kitu kinachotisha kilikuwa na jina. Mimi naogopa haya maneno "teknolojia nyeti", unayapaka popote yanashika. Reagan mwenyewe, rais wa Marekani wakati huo, na vita baridi vyote vile, 1985 alisaini kwamba matokeo ya tafiti za msingi yabaki wazi kadiri inavyowezekana, na likibidi kufungwa jambo basi lipewe hadhi ya siri rasmi. Reagan jamani, si mimi!

Naona naletewa karatasi, eti dakika moja. La wanafunzi wa kigeni kuchunguzwa naliruka, na lilikuwa tamu kweli. Haya maswali, aanze huyo wa kutikisa kichwa.