Siku 183 Zisizokuhusu: Kodi na Kampuni kwa Mkandarasi wa Ng'ambo

Wazee wangu, mama zangu na vijana mliofika alasiri hii, asalamu alaikum na hamjambo. Nawaona mafundi wa kuchomelea, mabaharia, mainjinia wa mitambo ya baridi na vijana wa kompyuta. Nawaona pia wake na wazazi wa walioko kazini Dubai, Doha na Aberdeen, ambao ndio wanaohifadhi makaratasi yote nyumbani. Kwa hiyo sitaeleza PIN, ile namba ya mlipakodi, hupatikanaje, wala ritani, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka, hujazwaje, kwa kuwa hayo mnayajua. Nimekuja na jambo ambalo nimelisema Likoni na Changamwe, na nitaendelea kulisema maadamu linaendelea kuwadhuru watu wetu, nalo ni hesabu ya siku 183.

Hakuna baraza katika mji huu ambalo sijaisikia kauli hii: mtu akikaa nje ya Kenya zaidi ya nusu mwaka, serikali ya Kenya haina haki na mapato yake. Kauli hiyo si kweli kwa wengi mlioketi hapa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inapoeleza nani ni mkaazi, yaani yule ambaye kodi ya Kenya humfuata hata kwa pato la nje, haianzi na siku. Inaanza na nyumba. Mwenye makazi ya kudumu Kenya huhesabiwa kuwa mkaazi katika mwaka wowote aliokuwapo nchini kwa kipindi chochote. Nawaomba mlishike neno hilo, "kipindi chochote", kwa sababu hata siku moja ni kipindi. Zile siku 183 zinamhusu asiye na makazi ya kudumu hapa, na hata huyo ana kipimo cha pili: akiwapo mwaka huo na miwili iliyoutangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, naye ni mkaazi.

Niruhusuni nieleze kisa ambacho baadhi yenu mmeshakisikia kwangu, na sitakifupisha. Alinijia fundi mmoja wa mitambo ya baridi, mtu mwaminifu, aliyefanya kazi Imarati, yaani Falme za Kiarabu, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Alikuwa amejenga nyumba Bamburi, na ndani yake wakaa mkewe na watoto. Kila mwaka alikuja mwezi wa Ramadhani, akasali Idi hapa, kisha akarudi. Kila Juni mtu fulani alimjazia ritani ya sufuri, isemayo hakupata kitu, naye akalala usingizi akijua ametimiza wajibu wake. Siku alipotaka mkopo wa kununua kiwanja, benki ilimwomba taarifa za akaunti za miaka minne pamoja na cheti cha kulipa kodi, na hapo ndipo hesabu zilipokataa kulingana.

Tulikaa naye tukapiga hesabu kwa viwango vilivyoanza Julai 2023. Malipo yake yalikuwa kama shilingi 400,000 kwa mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki, hadi kufikia 500,000, asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400 ambayo mkaazi hupunguziwa kila mwezi, kodi ni kama shilingi 112,383 kwa mwezi, yaani takribani 1,348,600 kwa mwaka. Kwa miaka minne deni linapita milioni tano, kabla ya adhabu, na kabla ya riba ya asilimia moja kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mtu huyu hakuiba. Alifuata ushauri wa barazani, na aliyempa ushauri huo hakuwapo siku ya kulipa.

Najua mtakayoniuliza, kwa sababu huulizwa kila mara. Wa kwanza atasema: kazi niliifanya nje, mlipaji yuko nje, Kenya inaingiaje? Inaingia kupitia kifungu cha 5, kinachogusa malipo ya mkaazi kwa ajira au huduma alizozitoa ndani ya Kenya au nje yake. Na anayeendesha biashara sehemu hapa na sehemu huko, faida yake yote huhesabiwa kuwa imepatikana Kenya. Wa pili atasema kwamba fedha alizotuma nyumbani ni za kulisha watoto, na zile alizoziacha benki ya huko hazijafika Kenya. Ndugu yangu, sheria yetu haiangalii fedha zimetumwa au zimebaki. Kutuma hakuzai kodi, na kutotuma hakuiondoi. Kinachotozwa ni pato lenyewe.

Wa tatu, na huyu ndiye anayenichosha zaidi, atanitajia rafiki yake Mwingereza waliyefanya naye kazi kwenye mtambo mmoja wa mafuta. Kweli, Uingereza ina kipimo chake cha ukaazi kilichoanza Aprili 2013, na anayefanya kazi nje kwa muda wote huweza kurudi kwao kwa siku zisizofika 91 katika mwaka wa kodi, mradi siku za kazi huko kwao zisifike 31, na bado asihesabiwe mkaazi. Na Mmarekani hutozwa kwa uraia wake popote alipo. Lakini wewe si Mwingereza wala Mmarekani. Sheria ya mwenzako wa kitanda cha jirani kule mtamboni haikufuati hadi uwanja wa ndege wa Moi, na kuikopa ni sawa na kuvaa viatu vya mtu mwingine kwa safari ya miaka kumi.

Ni nani basi asiyehesabiwa mkaazi? Yule ambaye, kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31, hakukanyaga Kenya kabisa. Au yule ambaye kweli hana makazi ya kudumu hapa na siku zake zimebaki chini ya vipimo nilivyovitaja. Na msidhani kwamba kuiandika nyumba kwa jina la mke kunatosha. Makazi ya kudumu ni mahali unapokaa au palipo tayari kwako kukaa, na mamlaka ya mapato inaweza pia kutazama maisha yako na mali yako vimeegemea wapi. Chumba chenye nguo zako na kitanda chako ni chako, hata kama hati ina jina la mwingine.

Sasa nije kwenye kampuni, kwa maana yule fundi hakuishia hapo. Alipopata hofu aliambiwa afungue kampuni katika eneo huria la Imarati, yaani eneo lenye nafuu za biashara, leseni itoke kule, ankara zitoke kule, naye awe mkurugenzi pekee. Kisha mamake akaugua, akarudi Bamburi, akakaa miezi kumi na minne. Katika muda huo alisaini mikataba akiwa sebuleni kwake, akaamua bei akiwa hapa, akaidhinisha malipo kwa simu akiwa hapa. Sheria yetu inasema kampuni ni mkaazi wa Kenya ikiwa imesajiliwa Kenya, au ikiwa usimamizi na udhibiti wa mambo yake ulifanyika Kenya katika mwaka husika. Leseni ilikuwa ng'ambo, lakini kampuni yenyewe ilikuwa imekuja Bamburi pamoja na mwenyewe, ikakaa naye sebuleni. Hata kule kwenyewe mambo yamebadilika: tangu Juni 2023 Imarati ina kodi ya kampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, na nafuu ya maeneo huria ina masharti yake.

Wengine huniambia, basi nifungue kampuni hapahapa, nitapunguza kodi. Tupige hesabu. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, na gawio, yaani faida inayogawiwa wenye kampuni, linapokufikia wewe mkaazi hukatwa asilimia 5. Katika shilingi mia unabaki na 66 na senti 50. Kodi ni 33.5. Yule fundi, kwa pato lake la milioni 4.8 kwa mwaka, angelipa 1,608,000 kupitia kampuni, yaani 259,400 zaidi ya akilipa kwa jina lake mwenyewe. Akijilipa mshahara kutoka kwenye kampuni anarudi palepale alipoanzia. Sisemi kampuni haifai. Inafaa pale mteja anapokataa kuandikiana mkataba na mtu binafsi, inafaa kukinga nyumba yako kazi ikiharibika na ukashtakiwa, inafaa mkiwa wawili watatu. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja peke yake anaweza kuisajili kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Lakini ifungueni kwa sababu hizo, na mjue kwamba itadai ritani zake kila mwaka hata isipofanya kazi, na adhabu ya kampuni kuchelewesha ritani ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

Muda umenibana, kwa hiyo yaliyobaki nitayagusa tu. Raia mkaazi aliyetozwa kodi ng'ambo kwa kazi aliyoifanya huko anaweza kuikata katika kodi ya hapa, akiwa na ushahidi wa malipo. Aliye Ghuba, ambako mshahara hautozwi, hana cha kukata. Kenya ina mikataba ya kuepusha kutozwa mara mbili na Uingereza, Ujerumani, Kanada, India na Imarati, miongoni mwa nyingine. Na Marekani hatuna. Kwa vijana wa kompyuta: huduma inayotumiwa nje ya nchi hutozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya sufuri tangu Julai 2023, lakini sufuri hiyo haigusi kodi ya mapato, na hayo mawili msiyachanganye.

Wenye hofu kama ya yule fundi, msikimbie na msingoje barua. Yeye alikwenda mwenyewe, akarekebisha ritani zake moja baada ya nyingine, akakubaliana na mamlaka kulipa kwa awamu, na sasa amebakiza miezi michache. Nitakuwa kwenye meza ile karibu na mlango hadi magharibi. Atakayekuja aje na pasipoti yake, nitazame mihuri ya kuingia na kutoka ya miaka mitano iliyopita, na aje na mkataba wake. Mama yangu pale nyuma, wewe ambaye mwanao yuko Doha, njoo wa kwanza. Picha za mihuri ulizo nazo kwenye simu zinatosha kuanzia.