Mzee ana magonjwa matatu, daftari kashika nani?

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, nipo kituoni nasubiri basi, ndo nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee huku Australia. Wengi mnaniuliza hivi hao wazee analipa nani, watoto wao?

Hapana. Mzee anatoa asilimia 85 ya pensheni ya msingi, hiyo ni ya chakula, kufuliwa na usafi, wenye uwezo wanalipa zaidi. Ila huduma yenyewe serikali ndo inabeba sehemu kubwa. Zamani nyumba yenyewe ndo ilikuwa inajaza fomu kusema mzee ana hali gani, ila tangu Oktoba 2022 kuna mfumo unaitwa AN-ACC, anakuja mtathmini wa nje, anaangalia mzee anatembeaje, akili ikoje, vidonda vipo, anampanga kwenye daraja moja kati ya 13, na hela inafuata hilo daraja. Hali ikibadilika, nyumba inaomba apimwe upya. Na wastani unaotakiwa nchi nzima ni dakika 215 za huduma kwa mzee mmoja kwa siku, 44 ziwe za nesi.

Sasa hela peke yake haitoshi. Nina mzee mmoja ana kisukari, kasahau hadi jina la mkewe, na kumeza ni shida, maji yake tunayatia unga maalumu yanakuwa mazito kama uji wa mtoto ili yasimpalie. Hatukadirii, mtaalamu wa kumeza kapima kaandika, jikoni wanayo hiyo karatasi, nesi anayo, mimi wa usiku ninayo.

Mwaka jana mama kapata stroku pale Igoma. Tuko watatu, mmoja Dar, mmoja Geita, mimi huku, kila mtu anatuma kivyake. Pampasi zimejaa hadi juu ya kabati, dawa ya presha imeisha wiki mbili, kila mtu anajua mwenzake kanunua. Binti anayemuuguza anampa chai ya kawaida, mama anapaliwa anakohoa hadi machozi, hakuna aliyemwambia. Hela ilikuwepo jamani, naumia mpaka leo.

Kwa hiyo nimewaambia ndugu zangu, hela zote ziingie kwa dada wa Geita, yeye ndo aende kliniki na daftari, kila dokta aandike humo humo, na yule binti tumwongeze mshahara, kumgeuza mtu kila masaa mawili usiku kucha ni kazi kubwa. Jumapili tunapigiana simu wote watatu, tunaanza na dawa ya presha.