Nondo imekamatwa, sasa nini?

REHEMA: Karibuni. Leo tuko ndani ya chumba cha mtihani. Msimamizi kamkuta mwanafunzi na nondo, kikaratasi kimekunjwa ndani ya mfuniko wa kikokotoo. Kaka Baraka, aanzie wapi?

BARAKA: Asipige kelele. Amwite msimamizi wa pili aje kushuhudia, huku jicho lake halitoki kwenye ile karatasi. Aichukue haraka, kabla haijafika mdomoni.

REHEMA: Mdomoni!

BARAKA: Wapo wanaotafuna, dada. Ikishamezwa umebaki na maneno matupu. Ukishaipata, chukua kijitabu cha majibu, piga mstari pale alipofikia kuandika, weka saa, saini yako na yake. Kisha mpe kijitabu kipya aendelee.

REHEMA: Hapo wasimamizi wengi watabisha. Mwizi aendelee?

BARAKA: Kanuni za vyuo hutofautiana, vingine humtoa nje, kwa hiyo soma za kwako kwanza. Ila kamati ya chuo inayosikiliza kesi hizi ikimwona hana hatia baada ya mwezi, zile saa mbili utamrudishia vipi? Akiwa na hatia, kusahihisha kijitabu cha pili hakulazimu. Vijitabu vyote viwili na nondo viingie bahasha moja, isainiwe pale inapofungwa.

REHEMA: Halafu fomu ya tukio. Hii ndiyo inayoua kesi.

BARAKA: Kabisa. Mtu anaandika "alikuwa anaibia." Hiyo ni hukumu, na kuhukumu ni kazi ya kamati. Andika ulichokiona: "Saa 3:40 nilimwona akisoma karatasi yenye ukubwa wa kiganja, chini ya paja la kulia, kiti namba 47." Mwanafunzi naye aandike maelezo yake. Akikataa, andika kwamba amekataa, shahidi asaini.

REHEMA: Na ikiwa ni simu?

BARAKA: Aizime mwenyewe mbele yako, iingie bahasha. Usiipekue. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na isitoshe huna haja. Kama kanuni inasema kuingia na simu ni kosa, kosa limeshatimia hata kama ndani mna picha za harusi tu.

REHEMA: Tuje kwenye kamati. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa, na haikuishia mahakamani, imetaja pia chombo kingine kinachohusika. Kwa hiyo barua ya wito inayosema "fika kuhusu suala la mtihani" haitoshi. Itaje kosa, kifungu na tarehe, iambatane na nakala ya ushahidi. Na aliyemkamata aje kama shahidi, asikae upande wa waamuzi.

BARAKA: Mimi ningependa tusifike huko. Mpango wa viti ubandikwe asubuhi ileile, si jana yake, maana anayejua meza yake tangu jana ataiandika usiku. Panga safu ya uhasibu, safu ya sheria, safu ya uhasibu. Ukumbi ukibana, tunga matoleo mawili: maswali yaleyale, tarakimu tofauti. Choo kikaguliwe kabla ya kuanza, atoke mmoja mmoja, na daftari la saa ya kutoka na kurudi.

REHEMA: Na mamluki, yule anayekuja kumfanyia mwenzake mtihani?

BARAKA: Kitambulisho kiwe juu ya meza, msimamizi apite na orodha ya mahudhurio katika nusu saa ya kwanza. Asimtazame picha tu, amwone anavyosaini.

REHEMA: Asaimenti zilizoandikwa na akili mnemba je? Wahadhiri wanazipitisha kwenye programu ya kutambua, inatoa asilimia, wanakata alama.

BARAKA: Hapo nina ugomvi nao. Kampuni ya OpenAI, walioitengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kutambua Julai 2023 kwa sababu ilikuwa haikisii vizuri. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa kuandikwa na mashine.

REHEMA: Yaani wanafunzi wetu hasa.

BARAKA: Haohao. Kiingereza chenye msamiati mdogo na sentensi zilizonyooka kinaonekana cha mashine. Asilimia ikupe sababu ya kuuliza, basi. Mwite mwanafunzi dakika kumi, aje na rasimu zake na makala alizonukuu. Mfungulie aya ya tatu, muulize kwa nini alichagua hoja hii akaacha ile. Makala isiyokuwepo duniani itajitokeza hapohapo.

REHEMA: Na mwenye darasa la wanafunzi 400?

BARAKA: Hawezi kuwaita wote. Achukue ishirini kwa kura, na atangaze tangu siku anapotoa kazi kwamba kura itapigwa.