Kamba vunjajungu anaishi kwenye kifusi, kiachwe

Haya jamani karibuni, tuanze maana muda wenyewe mdogo. Najua wengi mmekuja kusikia habari ya ngumi ya kamba vunjajungu, yule mnyama wa baharini anayepiga windo lake kwa mkono. Kila ninapoenda kumwongelea naulizwa ngumi tu, basi tuimalize kwanza ndo tuje kwenye la maana.

Ninayemsema ni yule wa rangi za tausi, Odontodactylus scyllarus, mgongo wa kijani, miguu myekundu, madoa ya chui ubavuni, mkubwa wao anafika sentimita 18. Anapatikana kuanzia pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mpaka Guam huko Pasifiki. Na sio kamba kweli, ukoo wake ulishajitenga na kina kamba na kaa miaka kama milioni 400 iliyopita.

Sasa mwaka 2004 mtafiti Sheila Patek na wenzake walimrekodi kwa kamera ya kasi sana wakakuta ngumi inafika mita 23 kwa sekunde, na hapo ni ndani ya maji! Msuli peke yake hauwezi kazi hiyo. Anachofanya anakaza msuli taratibu huku mkono umefungwa na komeo, nguvu inajikusanya kwenye kipande cha ganda kilichopinda kama tandiko la punda, komeo likiachia mkono unachomoka. Kasi ile inazua mapovu ya mvuke kwenye maji, na mapovu yakijifumba yanapiga tena, kwa hiyo konokono anayewindwa anachapwa mara mbili kwa ngumi moja. Wamepima nguvu ikafika nyutoni 1500, kama uzito wa kilo 150 hivi, kwa mnyama wa kuenea kwenye mkono wako.

Haya, ngumi ndo hiyo. Sasa mbona hamuulizi anaishi wapi? Anaishi chini mguuni mwa mwamba, pale matumbawe yanapoishia, mchanga na kifusi (vipande vya matumbawe yaliyovunjika) vinaanza, mita 3 mpaka 40 kwenda chini. Anachimba shimo la umbo la U, anapanga vipande vya matumbawe lisiporomoke. Siku za kujivua ganda anakuwa laini mwili mzima, ngumi haifanyi kazi, kinachomlinda ni shimo tu. Jike naye anajificha humo na mayai yake mekundu, kayakumbatia mpaka yaanguliwe.

Lakini kaa kwenye kikao cha hifadhi ya bahari usikie, wanahesabu matumbawe hai basi, kifusi kinaandikwa sehemu iliyokufa. Imekufa vipi na kuna viumbe wamejenga humo? Kokoro likiburuzwa pale hakuna anayelalamika eti halijagusa mwamba, na mashimo yote yameshafukiwa!

Mtu ataniambia mbona baruti ya kuvulia samaki imezalisha kifusi kibao, si nyumba za bure hizo. Hapana jamani, hapana. Kifusi cha baruti ni kipya, kiko legelege, kinabiringishwa na mawimbi kila siku, shimo halikai hapo, na ule mlipuko umeshaua kaa na konokono anaowategemea. Anachotaka yeye ni kifusi kilichotulia na mchanga unaochimbika, na karibu yake mwamba mzima wenye windo. Ukiharibu kimoja umeharibu vyote.

Na msidhani ni mambo ya wazamiaji tu. Ndugu yake mdogo Gonodactylus chiragra anakaa huku juu kabisa, kwenye mwamba unaoachwa wazi bamvua likitoa maji, ndani ya vitundu vya mawe. Ndo mawe yale yale tunayoyapindua tukitafuta pweza na chaza, tukaondoka tumeyaacha matumbo juu, jua linakausha kila kilichokuwa chini. Kulirudisha jiwe ni sekunde mbili.

Naona naonyeshwa saa. Kuhusu macho basi harakaharaka: ana aina 12 za vipokezi vya rangi, yaani seli za jichoni zinazonasa rangi, sisi tuna 3, lakini utafiti wa 2014 kwa ndugu yake mmoja ulikuta kutofautisha rangi zinazokaribiana tunamshinda. Anachotuzidi ni kuona mwanga uliopolaraizika kwa mzunguko, yaani ule ambao mawimbi yake yanajizungusha kama parafujo, hilo lilithibitishwa 2008 kwa huyu huyu wa tausi. Nilikuwa na picha za mashimo, anayetaka kuziona aje hapa mbele.