Ekzosi ya 504: Sauti Siyo Kelele

MWANAIDI: Karibuni tena wapenzi wa magari ya zamani. Mimi ni Mwanaidi. Mwenzangu Sefu leo kachelewa, lakini hakukuwa na haja ya kumpigia simu, maana tulimsikia tangu anakata kona kule barabarani.

SEFU: Wakubwa zangu shikamooni. Mlinisikia vizuri au vibaya?

MWANAIDI: Safari hii vizuri. Miezi mitatu iliyopita jirani alikuwa anafunga madirisha. Hebu waambie watu ulifanya nini.

SEFU: Niliharibu. Gari ni Peugeot 504, injini ya sisi (cc) 1971, kabureta, gia nne. Marehemu mjomba wangu alikuwa nayo ya namna hiyo, na sisi watoto tulikuwa tunapakiwa nyuma pamoja na magunia. Kilichonikaa kichwani ni ile sauti akiachia mafuta kwenye mteremko. Gari inakoroma, nzito, haina haraka. Yangu nilipoinunua ilikuwa kimya kabisa, imefungwa sailensa, lile sanduku la kupunguza sauti, ya gari jingine. Nikasema hapana, hii lazima izungumze.

MWANAIDI: Ukaenda gereji.

SEFU: Nikaenda gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Nikamwambia fundi, "Nataka isikike." Akachukua grenda, akakata sanduku la kati, akakata la nyuma, akaweka bomba moja tupu la inchi mbili na nusu mpaka mwisho. Saa moja na nusu kazi imekwisha.

MWANAIDI: Na ikasikika!

SEFU: Siku mbili nilikuwa mfalme wa Kinondoni. Siku ya tatu tukaenda Morogoro. Kabla ya Chalinze mke wangu hanisemeshi tena, na siyo kwamba amenuna, hasikii! Ukifika kwenye kilomita themanini, themanini na tano kwa saa, gari zima linavuma kama uko ndani ya pipa. Ukipunguza kidogo mvumo unaacha. Ukiongeza unapungua. Lakini mwendo wa lori ulio mbele yako siku zote ni huo huo themanini na tano.

MWANAIDI: Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kumbe walikuwa wanazungumzia ekzosi. Na milimani je?

SEFU: Imekuwa nzito. Zamani ilipanda na gia ya nne, sasa narudi ya tatu.

MWANAIDI: Hapo kuna imani moja nataka niivunje, maana kila gereji utaisikia. Wanasema injini inahitaji "kuzuiwa kidogo" moshi ili iwe na nguvu. Siyo kweli. Injini haipendi kuzuiwa hata chembe. Inachopenda ni moshi uende kwa kasi. Moshi wa silinda moja ukitoka mbio, nyuma yake unaacha mvuto, na ule mvuto unasaidia kunyonya moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno, moshi unazubaa, mvuto unakufa. Kwa injini ya lita mbili isiyo na taabo ya kuisukumia hewa, inchi mbili au pungufu kidogo inatosha kabisa. Zile inchi mbili na nusu ulilipia chuma cha bure.

SEFU: Nililipia kwa furaha, lakini.

MWANAIDI: Tuje kwenye mvumo, maana hapa ndipo watu wanapohangaika. Injini ya silinda nne kila mzunguko mmoja inapiga mara mbili. Ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mapigo 100 kwa sekunde. Hezi 100. Ni besi ya chini, na bodi ya gari, na paa, na sakafu, vyote vinaipenda. Sefu, ulipopima na simu ulipata ngapi?

SEFU: Programu ya simu ilionyesha mlima mmoja mrefu, hezi 98 mpaka 102. Vingine vyote vifupi.

MWANAIDI: Basi umepata adui mmoja, na adui mmoja anatibika. Unachukua bomba la upana ule ule, upande mmoja unalichomelea ubavuni mwa bomba kuu, upande wa pili unaliziba kabisa. Wimbi linaingia humo, linagonga ukuta, linarudi. Urefu ukiwa robo ya wimbi, linaporudi linakuta wenzake wanakwenda huku lenyewe linakuja kinyume, wanauana. Mafundi wa nje wanaliita bomba la J kwa sababu mara nyingi linakunjwa ili lienee chini ya gari.

SEFU: Mimi nilidhani unanitania. Bomba ambalo moshi haupiti!

MWANAIDI: Haupiti. Linapita wimbi tu. Na hesabu yake ni nyepesi. Kwenye hewa ya kawaida sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ila ndani ya ekzosi ni moto, inakimbia zaidi. Kwa nyuma ya gari chukulia mita 450. Gawanya kwa 100, wimbi ni mita nne na nusu. Robo yake?

SEFU: Mita moja na sentimita kumi na mbili na kitu. Tulianza na mita moja na ishirini.

MWANAIDI: Kwa makusudi, kwa sababu joto hujui kwa uhakika. Bomba refu unalikata, fupi huliongezi bila kuchomelea upya. Tulikata mara ngapi?

SEFU: Mara mbili. Mara ya kwanza mvumo ulihamia sabini na tano, nikachanganyikiwa. Mara ya pili ukaondoka. Haukwisha, ila sasa redio inasikika na mke wangu ananisemesha.

MWANAIDI: Hiyo ya pili sina hakika kama ulitaka.

SEFU: Usiniletee maneno nyumbani, dada.

MWANAIDI: Sasa kabla msikilizaji hajakimbilia kwa fundi wa kuchomelea, nirudi nyuma. Kabla ya hilo bomba tulikaa siku nzima hatukugusa ekzosi. Tulirekebisha tapeti, yaani nafasi za vali, tukaweka taiming ya cheche sawa, tukasafisha kabureta. Injini inayomisi, inayorukaruka moto, hakuna sailensa itakayoifanya iimbe.

SEFU: Na ile gasketi.

MWANAIDI: Gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini! Sefu alikuwa anajisifu gari yake "inapasuka" akiachia mafuta, pa-pa-pa, kama ya rali. Kumbe gasketi imeungua, hewa inaingia, inakutana na mafuta ambayo hayajaungua, yanalipukia ndani ya bomba. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa gari ikiwa baridi, mwenzako awashe, wewe sikiliza "tss tss" inatokea wapi. Usidharau, moshi ukiingia ndani ya gari unaua, na ile hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu.

SEFU: Umetaja rali. Waambie habari ya 404.

MWANAIDI: Wazee wa Dar wanamkumbuka Bert Shankland, aliyeishi hapa hapa. Alishinda Safari Rally 1966, akarudia 1967, kwa Peugeot 404. Injini sisi 1618, silinda nne, imeinamia upande kama hiyo yako. Halafu 504 yenyewe ikashinda 1975, dereva Ove Andersson. Ninachotaka kusema, hizi zina koo la silinda nne. Mtu asikudanganye kwamba ukikata sana itatoa sauti ya V8, injini ya silinda nane. V8 za Kimarekani zinabubujika kwa sababu kila upande mapigo hayajapangana sawa. Yako silinda zinapiga kwa zamu moja, tatu, nne, mbili, kwa vipindi sawa sawa. Koo lako ni hilo, lisafishe tu.

SEFU: Ndiyo tukarudisha masanduku.

MWANAIDI: Moja. La nyuma. Sailensa ziko za aina mbili kubwa. Kuna ya vyumba, moshi unagonga ukuta, unazunguka, unarudi. Hiyo inakula besi na inakuwa kimya. Na kuna ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, moshi unapita moja kwa moja. Hiyo inakula sauti kali za juu, zile za kukwaruza, inakuachia mkoromo. Mkoromo wa mjomba ndio huo. Tulitengenezesha mtaa wa Gerezani, Dar, kwa fundi mzee, bati la milimita moja na nusu.

SEFU: Mimi nilitaka chuma cha pua, king'ae.

MWANAIDI: Chembamba kinalia kama sufuria. Kinadumu, sikatai, ila chuma cha kawaida kina sauti nzito zaidi, na kwa gari la umri huu kinafanana nalo. Ubaya wake ni kutu, na kutu inaanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji. Ukienda sokoni na kurudi tu, ekzosi haipati moto wa kuyakausha, yanalala humo. Toboa kitundu cha milimita tatu chini ya sanduku, mahali palipo chini kabisa.

SEFU: Fundi mzee alinionyesha pia namna ya kupinda bomba. Anajaza mchanga mkavu, anaziba huku na huku, anapasha moto, anapinda. Halibonyei hata kidogo.

MWANAIDI: Mchanga uwe mkavu kweli kweli. Ukiwa na unyevu, mvuke unalipua zile ziba kama risasi. Na msitumie bomba la maji la gavanaizi, moshi wake wakati wa kuchomelea unampa fundi homa ya usiku kucha.

SEFU: Sasa imebaki moja. Asubuhi ikiwa baridi, inagonga. Tok, tok, tok, chini ya kiti cha nyuma. Ikipata moto inaacha.

MWANAIDI: Umefunga ile mipira ya kuning'inizia kabla bomba halijapata moto?

SEFU: Ndiyo.

MWANAIDI: Na umeikaza mpaka mwisho.

SEFU: Ndiyo.

MWANAIDI: Bomba linarefuka likipata moto, Sefu. Likiwa baridi linajivuta mbele, linagusa chasisi. Lete jeki, na mtu azime hii maikrofoni.