Saba kati ya elfu moja

REHEMA: Karibuni tena. Baraka leo kaja amechoka, wanaomfahamu wanajua sababu ni hesabu.

BARAKA: Nukuu, dada. Wiki nzima nahesabu makala za chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazobeba dawa mwilini, zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, inasema hivi, nikifungua Google Scholar namba inapanda.

REHEMA: Lazima ipande. Google Scholar inahesabu hadi tasnifu na rasimu ambazo hazijahakikiwa. Ulifuta marudio kwa DOI, ile namba ya kipekee ya kila chapisho?

BARAKA: Nilifuta, na ndipo nilipoponzeka. Rasimu ina DOI yake, makala ya jarida ina yake. Kazi moja inabaki mara mbili. Ikabidi nilinganishe kichwa cha makala na jina la mwandishi wa kwanza.

REHEMA: Na maneno ya kutafutia?

BARAKA: Mwanzoni niliweka "chembe za nano" peke yake. Liposomu zote, vile vifuko vidogo vya mafuta vinavyobeba dawa, zikabaki nje! Doxil, dawa ya saratani ya liposomu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ikawa kama haipo duniani.

REHEMA: Weka liposomu, weka miseli, weka dendrima, vibebaji vyote vya dawa. Halafu mapitio yatenge na utafiti wa maabara, maana mapitio hunukuliwa zaidi na yatakuvuruga. Tumia mediani, namba ya katikati. Wastani unavutwa juu na makala chache maarufu.

BARAKA: Kama ile ya Wilhelm na wenzake, Nature Reviews Materials, 2016.

REHEMA: Haya, asilimia 0.7 imeingia studio.

BARAKA: Lakini ndiyo kiini chenyewe! Walikusanya tafiti za miaka kumi, mediani ikawa asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Chembe elfu moja, saba tu ndizo zinazofika kwenye uvimbe. Nyingi zinadakwa na ini na wengu.

REHEMA: Na kati ya mada tulizopanga leo, ngapi zimefika?

BARAKA: (anacheka) Asilimia 0.7.

REHEMA: Endelea.

BARAKA: Kinachoniudhi ni jinsi namba hiyo inavyopachikwa kwenye utangulizi kama pambo. Mwaka 2020 wengine waliichakata upya data ileile katika Science Advances kwa vipimo vya kawaida vya farmakokinetiki, yaani jinsi dawa inavyosafiri na kutoka mwilini, wakasema kipimo chenyewe kinapotosha. Fikiria: uvimbe wa gramu 0.2 kwa panya wa gramu 20 ni asilimia 1 tu ya mwili. Sasa 0.7 ni ndogo kiasi gani hapo? Nukuu za pambo zisihesabiwe kuwa athari.

REHEMA: Zihesabiwe. Makala iliyowalazimisha watu kukaa chini kuijibu imeacha athari, hata kama ilikosea.

BARAKA: Kuijibu, sawa. Kuipachika bila kuisoma, hapana.

REHEMA: Utajuaje nani hakusoma?

BARAKA: Fungua sentensi inayonukuu. Iko utangulizi, kwenye mbinu, au kwenye mjadala? Aliyeinukuu kwenye mbinu ameitumia.

REHEMA: Kwa makala mia, sawa. Kwa elfu kumi unaajiri kijiji. Tena utapoteza kazi kubwa zisizopitia njia hiyo. Chembe za lipidi za patisiran, dawa iliyoidhinishwa 2018: kazi nyingine nyuma yake ni hataza, hati za kulinda uvumbuzi. Hutaziona kwenye mbinu za makala ya mtu.

BARAKA: Basi hesabu hataza kando. Pambo libaki pambo.

REHEMA: Sikubali.

BARAKA: Wala mimi.

REHEMA: Na saa imetutupa mkono. Tuliahidi mafunzo matatu: kulinganisha nukuu kwa fani na mwaka, kipimo cha athari cha jarida, na kipimo cha h, kinachopima nukuu za mtafiti mmoja.

BARAKA: La kwanza upesi: gawanya nukuu zako kwa wastani wa makala za fani ile, mwaka ule, aina ile. Ikizidi 1, umepita wastani.

REHEMA: Na mawili yaliyobaki?

BARAKA: Yamekwama kwenye ini.